Njia ya Nyuma ya Mashine

Mlimba,
17 Februari 2025

Kwa Afisa Mtendaji,
Mtaa wa Mapipa, Kibaoni, Ifakara

Violeth,

Marahaba. Najua utaniamkia kwenye jibu lako, naitikia mapema tusipoteze karatasi.

Jana mdogo wangu Leticia alinipigia simu kutoka nyumbani. Mzee Nickolaus, yule mstaafu wa mashamba ya miwa aliyenunua kiwanja nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, amejenga ukuta wa tofali na kuifunga njia. Leticia alipokuja ofisini kwako kulalamika aliambiwa njia hiyo "haipo kwenye orodha ya anwani".

Nimekaa na sentensi hiyo tangu jana. Njia inayokanyagwa na watu mia kwa siku haipo. Lakini barabara ya kuja huku Mlimba ipo, imechorwa kwa mstari mnene na ina namba. Ijumaa abiria tulishuka kwenye basi tukalisukuma, tope magotini, mimi na miaka yangu hamsini na tatu nimeshika viatu mkononi. Kwa hiyo tuna barabara zilizoandikwa zisizopitika, na njia zinazopitika zisizoandikwa, na kuna mtu analipwa mshahara kutunza daftari hilo.

Mama yangu, Bi Marsiana, ana miaka sabini na nane. Kila Jumatano anakwenda kliniki ya presha. Kwa njia ile ni dakika kumi, yeye na fimbo yake, kivuli mwanzo mpaka mwisho. Sasa itabidi atokee mbele, avuke mtaro usio na kivuko, apande barabara kuu ambako bodaboda zinapita kama zimeibiwa. Mwezi ujao masika yanaanza na mtaro ule utajaa. Hatavuka. Hilo ndilo jambo lenyewe, mengine yote ni hasira yangu.

Nilikuwepo Desemba kwenye mkutano wa kutoa majina. Nilisimama nikawafundisha watu bure, nikiwa likizo. Niliwaambia barabara hupangwa na wachache ikatumiwa na wengi; njia hupangwa na wengi bila kikao; kichochoro ni pale mkipishana lazima mmoja ageuze bega; na mtaa ni watu, ndiyo maana ukihama unasema umeukumbuka. Walinielewa. Kama baada ya hapo karani wenu aliiacha njia yetu nje, nataka jina lake.

Mwalimu wako wa Kiswahili, kidato cha kwanza mpaka cha nne,
Ponsiano Fulgensi

*

Ofisi ya Mtendaji, Mtaa wa Mapipa,
25 Februari 2025

YAH: NJIA ILIYO NYUMA YA MASHINE YA KUKOBOA MPUNGA

Mwalimu, shikamoo.

Barua yako imepokelewa na kuwekwa kwenye jalada. Naomba kueleza yafuatayo.

Fomu ya anwani tuliyoletewa ilikuwa na aina mbili tu kwa ajili ya kuwekewa nguzo ya jina: Barabara na Mtaa. Neno njia halikuwa na kisanduku. Kila kilichokuwa chembamba ilibidi mkutano uamue kama kiingie kwenye barabara au kiachwe. Njia ya nyuma ya mashine iliachwa kwa mujibu wa uamuzi wa mkutano, si wa karani.

Mzee Nickolaus hakujenga kwa kificho. Alifika hapa Januari, akaomba kuona orodha, akaonyeshwa.

Marekebisho yanapokelewa hadi tarehe 30 Juni. Yanahitaji mambo mawili: uamuzi mpya wa mkutano wa mtaa, na saini ya mwenye kiwanja ambacho njia inapita. Ningekushauri, Mwalimu, ukija Ifakara uanze kwa kuonana na Mzee Nickolaus. Si mtu wa maneno mengi lakini anasikia.

Bi Marsiana nilimwona Jumapili kanisani. Ananiita mjukuu wake Msukuma. Alikuwa mzima.

Violeth Limbu,
Afisa Mtendaji wa Mtaa

*

Mlimba,
4 Machi 2025

Violeth,

Uamuzi wa mkutano. Hapo ndipo wapumbavu wote wa nchi hii wanapojificha. Ukimtafuta aliyekata mti, ni mkutano. Ukimtafuta aliyekula mchango wa choo cha shule, ni mkutano. Mkutano hauna uso wala mama mwenye presha. Mtu mmoja alifungua mdomo, wengine wakaitikia kama kondoo, na mtu huyo ana jina. Nimekuuliza jina, umeniletea kisanduku.

Na hicho kisanduku. Aliyetunga fomu hiyo alikulia wapi? Hakuwahi kutumwa dukani? Mtu akiuliza kwetu nyumbani anaambiwa: shuka na njia ya mashine, ukifika kwa Mama Agnella kata kushoto, ukisikia watoto wanaimba umepita. Watu wamefika kwa maneno hayo miaka arobaini, wakiwemo wakunga na wachumba. Sasa tumepewa maneno mawili, na kisichotosha ndani ya maneno hayo kinajengewa ukuta.

Kuhusu kuonana na Nickolaus: mimi sipigi hodi kwa mtu aliyeweka tofali mbele ya mama yangu. Nimemwandikia. Kurasa nne. Nakala naambatisha ili ujue sikumtukana, nimemweleza tu alivyo.

Leticia anasema mvua imeanza. Mama amekosa Jumatano moja.

Ponsiano

*

Kibaoni,
15 Machi 2025

Mwalimu Ponsiano, salaam.

Barua yako imefika. Macho yangu hayasomi tena vizuri, mke wangu Rabia ndiye amenisomea, na hii mimi nasema yeye anaandika. Alipofika kwenye neno "mvamizi" alisita. Nikamwambia soma tu mama, karatasi haipigi.

Kiwanja nilinunua mwaka 2021. Muuzaji aliniambia hapa watu wanapita. Nikaacha wapite miaka mitatu. Vijana wa anwani walipokuja kugonga namba mlangoni, nikaenda ofisini kuuliza, hii njia ya watu mmeiandikaje, nataka kujenga nikiiacha. Nikaonyeshwa orodha. Haimo. Nikauliza tena. Nikaambiwa haimo, na aliyeikataa ni mtu anayejua. Sikuuliza jina, halikunihusu.

Mimi nimefanya kazi shamba la miwa miaka thelathini na moja. Kule kila kijia kati ya miwa kina namba kwenye kibao. Kijia kikitolewa kwenye ramani, kesho yake trekta linapita tunapanda muwa. Hakuna kuuliza. Nilipoona haimo kwenye orodha, nikafanya kama nilivyofundishwa. Kama nimekosea, nimekosea hapo.

Mama yako namfahamu. Alikuwa hapiti bila kutusalimia. Jumatano ya kwanza baada ya ukuta alikuja, akasimama, akagusa tofali kwa kiganja, akageuka.

Watu wa nyuma wamekuja karibu wote. Wengine wamenisema vibaya sana. Lakini wamekuja kwa miguu yao, wamepiga hodi, wamekaa. Wewe umeniletea bahasha. Barua nimeielewa, ila mtu sijamwona.

Ukija, kwangu hakuna mbwa.

Nickolaus
(kwa mkono wa Rabia)

*

Mlimba,
17 Aprili 2025

Kwa Afisa Mtendaji, Mtaa wa Mapipa

Violeth,

Unajua kilichotokea, kwa sababu wewe na Leticia ndio mliompeleka hospitali. Kwa hilo nakushukuru na nitakushukuru mpaka nife. Sasa nasogea kwenye lililobaki.

Mama alikosa kliniki Jumatano tano. Tano. Mtaro umejaa, bajaji haiingii nyuma, Leticia peke yake hawezi kumbeba mama mzima. Dawa ziliisha, akasema atasubiri maji yapungue. Tarehe 9 aliinuka asubuhi kuchukua kikombe, mkono wa kushoto ukakataa. Nilipata simu saa mbili. Barabara, hiyo yenye namba, ilikuwa imekatika sehemu mbili. Treni ilikuwa ipite kesho yake. Mimi, mtoto wake wa kwanza wa kiume, nimefika baada ya siku mbili nikamkuta mdomo umekwenda upande, ananiuliza kama nimekula.

Daktari anasema atakaa. Hatatembea kama zamani. Wametupa kiti cha magurudumu cha kuazima.

Kwa hiyo nimemaliza adabu. Nina rafiki gazetini, na anajua kalamu yangu. Nimeshaandika makala. Ina kila kitu: fomu, ukuta, mtaro. Kimebaki kitu kimoja, nafasi nimeiacha wazi katika aya ya pili, ya jina la mtu aliyesimama Desemba akaifuta njia ya mama yangu. Usiponipa jina hilo hadi mwisho wa mwezi, nitaweka la kwako.

Ponsiano Fulgensi

*

Kibaoni,
24 Aprili 2025

Mwalimu, shikamoo.

Barua hii siandiki kama Mtendaji, haina kumbukumbu namba. Nimeianza mara tatu.

Ninanakili hapa kumbukumbu za mkutano wa tarehe 14 Desemba, ukurasa wa tatu, neno kwa neno. Asili yake iko ofisini, unaweza kuja kuiona.

"Bi Agnella alipendekeza njia ya nyuma ya mashine iandikwe Barabara ya Mzee Fulgensi, kwa kuwa marehemu ndiye aliyekuwa akiifyeka kila baada ya masika bila kulipwa na mtu. Wajumbe walikubali. Mwl. Ponsiano, mtoto wa marehemu, alipinga. Alisema barabara ni mahali magari mawili yanapishana, na pale hata bajaji haipiti. Alisema kuiita barabara ni kumfanya baba yake achekwe kaburini. Karani aliuliza, kwa kuwa fomu haina neno njia, iandikweje? Mwl. alijibu: 'Basi isiandikwe. Bora kukosa kuliko kuandika uongo.' Makofi. Pendekezo likafutwa."

Mwalimu, ulikuwa na haki ya kupata jina tangu Februari. Sikuweza kuliandika. Ulipouliza ni mpumbavu gani, nilifunga jalada nikaenda nyumbani.

Na mimi nina langu. Siku ile nilikuwa nimekaa meza ya mbele. Nilijua kisichoingia kwenye fomu hakitalindwa na mtu. Semina tulipewa, tulielezwa. Nilinyoosha mkono nusu, ukaniangalia, nikaushusha. Nikawa kidato cha pili tena, siku ile uliponisimamisha dakika arobaini kwa kuandika "mitaani" pasipotakiwa. Nina miaka thelathini na moja, nina muhuri wa ofisi kwenye droo, na nilishusha mkono. Kwa hiyo kwenye aya yako ya pili kuna nafasi ya majina mawili. Andika yote.

Bado kuna muda hadi tarehe 30 Juni.

Violeth

*

Mlimba,
12 Mei 2025

Violeth,

Nakumbuka makofi. Nilichosahau ni kilichopigiwa makofi.

Nimeisoma nakala yako darasani wanafunzi wakifanya zoezi, nikaisoma tena mara ya pili nikitafuta karani alipokosea. Hakukosea. Ameandika vizuri kuliko waandishi wengi ninaowajua, ameweka hata nukta mbili mahali pake.

Ngoja niseme jambo moja nikiwa bado nina hasira, maana hasira ikiisha nitalipamba. Sikuwa nalinda lugha siku ile. Nililiona jina la baba kwenye bango la kubandika, kwenye kijia chenye majani ya migomba na maji ya kufulia, nikaona aibu. Nimesoma sana, nina vitabu ukutani, marafiki zangu wanakuja kutoka Morogoro. Nilifikiria wakisimama pale wakicheka. Nikaitafutia aibu yangu fasili. Ninyi mkapiga makofi kwa sababu fasili ilikuwa sahihi. Na bado ni sahihi, hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Wewe ulishusha mkono. Ulikuwa na sababu, sababu ilikuwa mimi. Sitaki kulisikia tena.

Makala nimeichoma. Leticia simwambii bado, na mama hajui. Nitakuja likizo ikianza.

Ponsiano

*

Ofisi ya Mtendaji, Mtaa wa Mapipa,
24 Juni 2025

YAH: UAMUZI WA MKUTANO WA MTAA WA TAREHE 21 JUNI

Mwalimu, shikamoo.

Nakutaarifu kwa maandishi, kama ulivyotaka, kwamba pendekezo lako limepitishwa. Fomu ya marekebisho imetumwa leo ikiwa na saini ya Mzee Nickolaus, na fundi wake ameshaanza kubomoa. Nguzo itasimikwa kabla ya mwisho wa wiki. Muhuri umo, nimeugonga mwenyewe.

Naandika pia kwa ajili ya jalada, maana wa baadaye watauliza. Uliposimama ukasema unaomba iandikwe barabara, Alphonce wa bodaboda alikuuliza kutoka nyuma, "Mwalimu, bajaji inapita?" Watu walicheka muda mrefu. Ukasema, "Haipiti." Akasema, "Na magari mawili?" Ukasema, "Hata moja." Akauliza, "Sasa barabara ya nini?" Nikadhani utamjibu kama unavyojibu siku zote, nikashika meza. Ukasema, "Ya kupita mama." Ukakaa.

Karani alitaka kuandika makofi. Nilimwambia asiandike, hayakuwepo. Watu walinyoosha mikono tu, ikahesabiwa.

Violeth Limbu,
Afisa Mtendaji wa Mtaa

*

Mlimba,
9 Julai 2025

Violeth,

Marahaba. Nimerudi kazini. Barabara imekauka, sasa ni vumbi, tunakula vumbi lenye namba.

Kuna mambo hukuyaona. Kabla ya mkutano nilikwenda kwa Mzee Nickolaus. Kutoka mlango wetu mpaka wake ni hatua sitini na tatu, ukizungukia ukuta wake ni mia tatu na kitu. Nilizihesabu kwa sababu sikuwa na haraka ya kufika. Nikapiga hodi. Rabia akasema karibu, akaleta ugali na samaki wa mtoni, tukala. Mzee hakugusa habari ya barua. Ikanibidi niianze mwenyewe. Nikamwambia yule mtu anayejua, aliyeikataa njia, ndiye huyu anayekula samaki wako. Akasema, "Nilihisi. Mtu asiyejua haandiki kurasa nne."

Nikamwomba aache upenyo wa kiti cha magurudumu, basi. Upenyo tu, tukaita njia, tukamaliza kienyeji. Akakataa. Alisema, "Upenyo nitakuachia mimi, nikifa wanangu watauangalia kwenye orodha, hawatauona, watapanda muwa." Alisema atatoa mita tatu kamili za kiwanja chake alichokinunua kwa kiinua mgongo, lakini iandikwe kwa neno lile ambalo fomu inalijua. Nikaanza kumweleza tofauti ya barabara na njia. Violeth, nakuambia ukweli, nilianza, nikiwa na mwiba wa samaki kidoleni. Rabia akaniambia, "Mwalimu, kula." Nikala.

Kwa hiyo ujue: neno lile sikulikubali kwa sababu nimebadili mawazo. Pale si barabara. Nitalisema hilo darasani kesho na kwenye mtihani nitalikata alama. Nimelikubali kwa sababu mzee aliyetumia miaka thelathini na moja kusoma vibao vya shambani alielewa kazi ya jina kuliko mimi niliyetumia miaka ishirini na nane kulifundisha.

Jumatano ya tarehe 2 nilimsukuma mama mwenyewe, Leticia akifuata na daftari la kliniki. Zamani alipita hapo kwa miguu yake. Sasa anapita kwa mikono ya mtu, na hilo hakuna fomu ya marekebisho. Tulipofika kwenye nguzo aliinua mkono wa kulia, ule unaomtii, nikasimama. Hajui kusoma. Akauliza imeandikwa nini. Nikamsomea. Akalitaja jina la baba mara mbili, polepole, kama mtu anayeonja chumvi. Kisha akauliza kwa nini halikuwekwa Desemba pamoja na ya wenzake.

Maneno yake siku hizi yanatoka moja moja. Kabla hajafika mwisho wa swali nilikuwa nimeshapata majibu matatu mazuri: la fomu, la mkutano, la karani. Nikamwambia, "Mimi nilikataa, mama. Niliona aibu."

Alishusha mkono, nikaendelea kusukuma. Tulipofika mlango wa kliniki akaniambia nifunge breki, nibaki nje, Leticia ndiye ataingia naye.

Nilisubiri kwenye benchi saa mbili.

Ponsiano Fulgensi